Ubavu wa Gari na Kuku wa Bibi Mbeleje

Kabla sijaiona karakana niliisikia. Nilikuwa nimetoka stesheni, nimeshika njia ya Gongoni, na nyuma ya kuta za udongo zikaja sauti za nyundo mbili. Moja nzito, inapiga na kunyamaza kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Nyingine nyepesi, haichoki, inaijibu ile ya kwanza kwa maneno madogo madogo. Nikasimama katikati ya njia na kifurushi changu begani mpaka mwenye punda akanifokea nimpishe. Nilidhani huko ndani mna mafundi wawili wanaopatana sana. Nilipoingia nikamkuta mmoja tu, mtu mfupi mwenye kofia ya mkono iliyofifia, nyundo kila mkono, ananyoosha paa la lori.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Natafuta kazi."

"Umeshika nyundo lini?"

"Nimeshika jembe. Na mizigo ya watu, stesheni."

"Basi mikono unayo. Masikio je?"

Akaniambia nifumbe macho. Akagonga bati hapa, akagonga pale, akaniuliza wapi pana mhimili nyuma yake na wapi ni patupu. Nikawa naonyesha kwa kidole, mara napata, mara nakosa. Nilipofumbua macho alikuwa anatikisa kichwa. "Masikio yako yana usingizi," akasema, "lakini hayajafa. Kesho njoo mapema."

Huyo alikuwa Fundi Shabani. Enzi hizo nchi ilikuwa ya Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha juzi juzi, na mimi nilikuwa kijana mwenye mke mmoja na shati moja.

Vijana wa karakana, mmenitaka niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Nimestaafu hivi karibuni na mikono bado haijui ikae wapi. Hapa nyumbani Chemchem hujikuta nimekaa barazani nagongagonga birika nisikie kama limeoza. Mke wangu sasa analificha. Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuja kwa kuchelewa, na vilipofika havikunisaidia kunyoosha bati hata moja. Nitaandika juu ya ubavu mmoja wa gari la jeshi, kwa sababu huo ndio ulionifanya fundi.

Babu zake Fundi Shabani walitoka Manyema wakati wa misafara, wakafika Tabora wakakaa. Yeye alizaliwa mjini, akajifunza uhunzi kwa baba yake, visu na majembe. Kisha ikaja reli, kisha yakaja magari, naye akawa anahamia kila chuma kipya kwa kukaa nacho chini na kukiuliza maswali. Mimi nilitoka kijiji cha Wakristo upande wa Urambo, kwenye mtama na karanga. Ijumaa yeye alifunga karakana mchana, Jumapili mimi sikuja, na siku zilizobaki tulikuwa na dini moja, ya bati.

Magari ya jeshi yalikuwa somo gumu wakati ule. Serikali ilikuwa inayauza yaliyochoka, na bodi zake hazikushikwa kwa skrubu kama tulivyozoea. Kiwandani walilaza bati juu ya bati, wakayabana na kuyapitishia umeme mpaka yakayeyukiana mahali padogo kama punje ya mtama, kisha mahali pengine, na pengine, mstari mzima. Kwa nje huoni kitu, rangi imefunika. Lakini ukikwangua rangi kwa kipande cha tofali, taratibu, bati linang'aa lote isipokuwa vishimo vidogo vya mviringo vinavyobaki na giza. Fundi Shabani aliviita ndui.

"Gari hili liliugua likiwa changa," aliniambia siku ya kwanza aliponionyesha. "Wewe ni tabibu. Usimguse mgonjwa kabla hujayaona makovu yote."

Kuliondoa bati la namna hiyo tulijua njia mbili, nazo zote zilikuwa za vita. Ya kwanza ni tindo na nyundo: unaingiza ulimi wa tindo kati ya mabati na kupiga mpaka ndui zipasuke moja moja. Sauti yake ilisikika mpaka msikitini, na bati lilitoka limeraruka kama nguo iliyonasa kwenye miiba. Ya pili ni moto wa gesi, ambao ni mwepesi na mtamu na mwongo. Hatukujali sana. Bati tuliloliondoa lilikuwa bovu, linakwenda kutupwa, na bati la kutupwa haliombwi radhi.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja akaja Kasanda. Alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, mrefu, ametoka vitani Burma, mtu aliyesimama wima hata anapokula. Nyuma yake maksai walikuwa wanavuta gari la wagonjwa la jeshi. Lilikuwa limelalia ubavu wa kushoto kwenye matope kwa misimu kadhaa, na ubavu huo ulikuwa umeoza ukawa kama andazi lililodondoka kwenye chai.

"Injini niachieni mimi," alisema. "Nimeendesha ndugu zake hili gari milimani, watu wanakufa nyuma yangu. Injini nitaifufua. Bodi ndiyo inayonishinda."

"Unalitakia nini?" Fundi Shabani akamuuliza.

Kasanda akatueleza. Kulikuwa na zahanati ya misheni huko kusini, mbali, ambako wagonjwa waliletwa mjini kwa machela, na wengine waligeuzwa njiani kwa sababu hapakuwa tena na haja ya kuendelea. Zahanati ilimwahidi kazi ya kuwabeba, mradi gari lake lipite kwa mkaguzi. Na mkaguzi wa magari, aliyekuja Tabora kwa garimoshi, alikuwa na safari moja tu iliyobaki kabla ya mvua.

"Akilikataa?"

"Wakala anayeandikisha watu wa mkonge amekwisha niuliza jina langu." Akatazama chini kwa mara ya kwanza. "Baba yangu alikwenda mkonge Tanga. Alirudi na blanketi na kikohozi. Blanketi tunalo mpaka leo."

Hatukumuuliza zaidi. Fundi Shabani akavua kofia, akaivaa tena, akaniambia nilete chaki.

Tulianza kwa kulifunga gari mihimili ya miti kwa ndani, kutoka nguzo hadi nguzo. Hilo msiliache kamwe. Gari lililovuliwa ubavu hulegea kama mtu aliyevuliwa mbavu, na likishalegea, milango yake haitakubali tena kukaa mahali pake. Kisha tukaukata ubavu mbovu kwa moto. Ulitoka haraka, tukafurahi, lakini tulipogeuka tukaona bati zima lililokuwa juu yake limejikunja kwa joto kama jani la tumbaku kwenye bani la kukaushia. Tulilinyoosha kutwa nzima. Kasanda alikaa pembeni anasafisha kabureta kwa mswaki.

Ubavu mpya tungeutoa wapi? Mabati ya kuezekea yalikuwa mepesi mno, mkaguzi angeyatoboa kwa kidole gumba. Bati nene la ukubwa ule halikuwapo madukani, na hata lingekuwapo, ubavu wa gari lile ulikuwa na mkunjo mrefu uliopigwa kwa mashine, nasi hatukuwa na mashine ila mikono ya Fundi Shabani. Ndipo Kasanda akakumbuka kwamba nje kidogo ya Cheyo, mahali mji ulipokwisha na ng'ombe wakaanza, kuna mzoga wa gari kama lake. Jeshi liliacha bodi tupu pale baada ya kutoa injini na magurudumu, na mzee mmoja wa Kigogo akaigeuza banda la kuku.

Tukaenda, Kasanda na mimi. Mzee huyo aliitwa Chibago. Alikuwa amekuja Tabora zamani na ng'ombe wa kuuza, akawauza, akasahau kurudi. Tulimkuta uani anachonga mpini. Nyuma yake lilikaa gari, limezama udongoni, na ubavu wake wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, umenyooka, rangi ya jeshi bado juu yake. Kasanda alivua kofia, akabana visigino kama yuko mbele ya ofisa wake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

Mzee Chibago akageuka kutazama ni nani aliyesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Marahaba," akasema polepole, kama anayeonja maziwa asiyoyaamini.

Kasanda akaeleza shida yake vizuri, kwa Kiswahili cha jeshini, akamalizia kwamba bei ataitaja mzee mwenyewe.

"Siuzi."

"Mzee, tunakuomba sana. Kwa heshima zote."

"Heshima zote," mzee akarudia. "Basi zimenitosha. Nendeni salama."

Akaingia ndani. Tukarudi njiani tumenywea. Tulikuwa hatujafika mbali mkewe akatukimbilia, Bibi Mbeleje, mwanamke mwembamba mwenye kibuyu mkononi, kwa hasira iliyotaka kucheka.

"Ninyi! Ninyi ni Wanyamwezi wa wapi?"

"Wa hapa hapa, bibi."

"Wa hapa! Mmemwua mzee wangu kwa adabu. Amekaa huko ndani ananiuliza, Mbeleje, nimewakosea nini watani zangu hata waniamkie kama mkwe na kuniulizia bei kama mali ya marehemu? Mna neno gani naye?"

Kasanda akajipiga paji la uso.

Kwa asiyejua: Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wetu walipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na wazee wao wakawatoza hongo, ushuru wa kupita, kwenye kila kisima. Ugomvi ule ulizeeka ukawa mzaha, na mzaha ukawa udugu. Mtani hukutukana mbele ya watu, huchukua kitu chako, na huna ruhusa ya kukasirika. Anayemwendea mtani wake kwa unyenyekevu, pesa mkononi, anamwambia kwamba udugu umekwisha. Kasanda alinyonya mambo hayo kwa mama yake. Lakini shida yake ilikuwa kubwa, na jeshi lilikuwa limemzoeza kusimama wima mbele ya kila mwenye mvi, kwa hiyo alifanya kosa ambalo mgeni asingeweza hata kulifanya.

Kesho yake tulirudi watatu. Fundi Shabani alikuja na sanduku la vyombo. Tulipokaribia ua Kasanda akajaza kifua.

"Wewe mwuza maji ya mvua! Toka nje! Mungu ananyesha bure, ninyi mnauza!"

Jogoo akawika. Kisha kutoka ndani, sauti ya mzee ikapaa, changa kuliko jana:

"Mbeleje! Nani analia huko? Punda wa Mwarabu amekata kamba?"

"Punda amekuja kuchukua haki yake! Babu yangu alimlipa babu yako kitambaa kizima kwa kata moja ya maji. Nimekuja kuchukua chenji."

Mzee Chibago akatokea mlangoni na fimbo. "Chenji! Kitambaa kilikuwa na tundu. Bibi yangu alikivaa mara moja tu, kijiji kizima kikahama kwa aibu."

"Kilihama kufuata harufu ya ugali wetu! Na ukifa, mzee, nitakuja kwenye matanga yako nile dume lako jeusi, mifupa nikuwekee kaburini utafune."

"Ukifa wewe nani atajua? Mnyamwezi akifa watu husema amekwenda safari."

Hapo Kasanda alishindwa. Alicheka mpaka akashika mti wa ua, na nadhani tangu Burma alikuwa hajacheka hivyo. Mzee alikuwa ameshamfikia, anampigapiga mgongoni kwa fimbo, machozi yanamtoka.

"Na huyu bubu?" akaniuliza mimi. "Ni mpagazi au ni mzigo?"

"Ni mzigo," nikasema. "Lakini wewe utanibeba, maana sisi tumechoka."

"Afadhali. Anasema." Akamgeukia Fundi Shabani.

"Mimi utani wenu haunihusu," Fundi Shabani akasema haraka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe una adabu kwa sababu si mtani wangu. Haya, punda, chukueni ubavu wenu."

Kasanda alikuwa ameshashika tindo. Bibi Mbeleje akamzuia kwa kibuyu.

"Ubavu ni wake," akasema. "Kuku ni wangu."

Akatuonyesha. Ndani ya gari, chini kabisa, kwenye pembe ambapo ubavu ule unakutana na sakafu, kuku mweusi alikuwa amelalia mayai kwenye kapu bovu. Mara mbili kabla ya hapo alikuwa ameyaacha, mara moja kwa ajili ya kicheche, mara moja kwa ngurumo za radi. Akishtuliwa safari hii, alisema bibi, hatalalia tena. Hakuna nyundo wala moto. Na jua likitua, banda liwe na ukuta, kuku wake hawalali nje.

"Bibi, sisi ni watani," Kasanda akabembeleza.

"Ninyi ni watani wa mzee. Kuku hana utani na mtu."

"Ataangua lini?"

Akataja. Mkaguzi angekuwa ameshakuja na kuondoka.

Kasanda akatazama ubavu, akatazama barabara iendayo stesheni. Fundi Shabani alikuwa amechuchumaa anamtazama kuku, na kuku anamtazama yeye. Baada ya muda akaniambia, "Niletee kekee."

Ile kekee ya mkono tuliitumia kutobolea matundu ya skrubu. Kuondolea bati zima lililochomelewa, sijawahi kusikia mtu aliyeifanya kazi hiyo, wala yeye hakuwahi. Tulikwangua rangi kwa tofali mpaka ndui zikajitokeza, mstari wa juu, mistari ya nguzo mbili, na mstari wa chini. Kila ndui nikaiwekea alama katikati kwa msumari mgumu, nikiusukuma kwa kiganja badala ya kuupiga. Kisha nikaanza kuzungusha.

Sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wenu mnapoharibu. Huitoboi ndui mpaka ng'ambo. Unatoboa bati la juu tu na kuliacha la chini. Kati ya mabati hayo daima pana kutu kidogo, na ncha ikifika pale, unga wa chuma uliokuwa mweupe hugeuka, na pete nyembamba nyekundu huizunguka ncha. Ukiiona pete, simama. Ukisubiri kuhakikisha, umechelewa. Halafu kisu chembamba, nasi tulisugua cha kwetu kutokana na msumeno uliokatika, unakipitisha kati ya mabati kama unayefungua bahasha ya mtu mwingine. Ndui huachia kwa sauti ndogo, tik, na bati linapumua.

Tulifanya hivyo siku hadi siku. Jioni tuliacha bati limeshikwa kwa waya ili banda libaki na ukuta, asubuhi tukarudi. Mzee Chibago alileta kigoda akakaa kutusimamia. Alitutukana kwa kunong'ona, kwa ajili ya kuku. Hamjaona kitu cha kuchekesha kama mzee anayenong'ona matusi kwa bidii.

"Babu zenu walifika pwani na kurudi," alininong'oneza, "wewe bado uko kwenye tundu moja."

"Babu zangu walicheleweshwa na nyinyi," nikamnong'oneza.

Zilipobaki siku chache mkaguzi afike, Kasanda akachoka. Alikuwa ameshaifufua injini huko karakana, anakuja kutwa mara tatu kutazama. Ndui moja ya nguzo ya nyuma haikuachia, akanyakua nyundo, akaipiga mara moja.

Gari zima lililia. Kuku akasimama juu ya mayai, manyoya yametimka, akatoka kapuni, akatembea mpaka mlangoni, akashuka uani. Bibi Mbeleje alikuja mpaka katikati ya ua na kusimama, mikono imelegea. Kasanda aliiweka nyundo chini taratibu kama yai, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtu yule mrefu, asimtishe kuku zaidi. Kuku akadonoa hiki, akadonoa kile. Akanywa maji. Upepo ukapita kwenye mtama. Mzee Chibago alianza kunong'ona kitu kwa Kigogo, na nadhani safari hiyo hayakuwa matusi.

Kisha kuku akageuka, akapanda, akaingia kapuni na kujikunjua juu ya mayai yake.

"Nyundo yako," Bibi Mbeleje alimwambia Kasanda, "nitakaa nayo mimi." Akaichukua.

Ulibaki mstari wa chini, ndui za nyuma ya kapu lenyewe. Nilizitoboa kutoka nje nimelala kifudifudi, shavu kwenye udongo, na Fundi Shabani alipitisha mkono wake kwa ndani, kati ya bati na kuku, kidole juu ya kila ndui ili asikie joto la ncha inapokaribia. Kuku alimdonoa. Nilisikia kila alipodonolewa kwa jinsi alivyotaja jina la Mwenyezi Mungu. Lakini mkono haukutoka. "Zungusha," alisema. "Polepole. Bado. Bado. Basi." Hapo ndipo nilipojua kwamba masikio yangu yameamka, kwa sababu kabla hajasema "basi" nilikuwa nimekwisha acha kuzungusha.

Ubavu ulitoka mchana, mzima, bila mkunjo wala mpasuko, na tundu safi mahali pa kila ndui. Tuliubeba watu wanne kama kioo. Mahali pake tukafunga kwa waya ule ubavu mbovu wa gari la Kasanda, tukauziba kwa udongo na samadi, na kuku hakuinua kichwa.

Kule karakana tukagundua zawadi ambayo hatukuitarajia. Matundu yale yale tuliyotoboa ndiyo yaliyotupa njia ya kuurudishia ubavu: tuliubana kwenye nguzo za gari la Kasanda na kujaza kila tundu kwa moto mdogo, tone moja la chuma, kisha tukaruka mbali na kujaza jingine, ili joto lisikae mahali pamoja. Bati halikujikunja hata kidogo. Tangu siku ile sikuondoa tena bati zuri kwa tindo. Nyinyi mnaotumia kekee za umeme na kulalamika kwamba ncha hazidumu, mmerithi kazi iliyoamriwa na bibi mmoja wa Cheyo, nami sikupata nafasi ya kumshukuru ipasavyo, maana kila nilipojaribu, mzee alinitukana.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mwenye pua iliyoungua na jua, mtu wa maneno machache. Alilikagua gari uwanjani karibu na stesheni. Siku hiyo hiyo wakala wa mkonge alikuwa amepanga watu wake kando ya reli, kila mmoja na kibegi chake, na Kasanda ilimbidi asimame mahali ambapo aliwaona wote. Mkaguzi aliingia chini ya gari, akatoka. Akajaribu breki. Akaupitisha mkono kwenye ubavu, kutoka nguzo hadi nguzo, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasukuma kwa bega. Mimi nilifumba macho. Nilisikiliza kila pigo, na kila pigo lilijibu sawa.

Akaandika cheti, akampa Kasanda, akaenda kwenye gari jingine.

Kasanda alikuja na gari lake karakana, cheti kikiwa kifuani ndani ya shati. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa kusini na hewa ilinukia udongo. Akamshika Fundi Shabani mkono kwa mikono yake miwili.

"Kunywa chai kwanza," Fundi Shabani akasema.

"Kuna mama mjamzito zahanati tangu jana, fundi. Wamenitumia mtu."

"Basi unangoja nini hapa?"

Kasanda akapanda, akawasha, akatutazama kupitia dirishani kama anayetaka kukumbuka sura zetu. Akauvuta mlango, nao ukafungika, ukakaa mahali pake.